Wimbo Uliotembea Bila Jina Langu

Naikumbuka siku ambayo watu wa hapa Bombo walinicheka mpaka wakakaa chini kwenye tope, wengine wameshika mbavu, wengine wanajifuta machozi kwa viganja vichafu. Nilikuwa kijana wa umri wako, Nanzia. Nilikuwa nimevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni, vile vyenye soli nene hivi, mbele ya watu walioshika majembe. Nitakusimulia yote, na ucheke ukipenda, maana hata mimi siku hizi nacheka. Ila kwanza nikuambie kwa nini nimekuita hapa uani badala ya kukuacha upumzike, wakati najua kesho unashuka Same na basi la alfajiri.

Bibi yako amenieleza mliyoongea jikoni. Usimkasirikie, yule hajawahi kunificha kitu, na hajawahi kuniacha nimfiche. Anasema umemwambia umeacha kuimba. Si kwamba unapumzika, umeacha kabisa. Kwamba ule wimbo wako wa mwaka jana ulitazamwa sana kwenye simu, mpaka vijana wa stendi ya Same wakawa wanakuita kwa jina la wimbo. Halafu ukatoa mwingine, na mwingine tena, na hakuna aliyeshtuka. Kwamba huu wa mwisho, ambao uliutunga kwa miezi, umetazamwa na watu wachache hata ukaona aibu, ukataka kuufuta. Na jana kanisani kwaya walipokusogezea nafasi kama wanavyofanya kila ukipanda huku, ulibaki umekaa na mkoba mapajani ukitazama sakafu.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma nikakuona. Moyo uliniuma, sikufichi. Wajukuu ninao wengi na nawapenda wote, hata yule mkorofi wa Lembeni, lakini mwenye sauti ni wewe, na sauti hiyo naijua ilikotoka. Siwezi kukuacha uende nayo mjini ukaizike huko nami nimenyamaza. Kwa hiyo kaa. Sogeza hicho kigoda kivulini. Chai ipo kwenye chupa, na magimbi bibi yako ameyafunika hapo, kula wakati nikiongea kwa sababu mimi nikianza siishi upesi.

Wewe umekulia mjini, ndiva, hilo bwawa letu la maji, unaiona ukija likizo, unapita kando yake na kupiga picha. Kwetu ndiva ilikuwa roho ya mji. Maji ya mfereji yanashuka kutoka msituni usiku kucha yanajaa humo, asubuhi yanafunguliwa, mashamba ya chini yananyweshwa kwa zamu. Sasa maji hayaji peke yake, yanakuja na udongo. Kila kiangazi tope linajaa, na lisipozolewa maharage yanakauka na watu wanaanza kutazamana vibaya. Ndipo pembe inapopigwa na watu wanatoka kwenda kwenye msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Hakuna cha mwalimu wala mzee wa kanisa, wote mnaingia kwenye tope. Wengine wanachimba chini, wengine wanajipanga mstari kutoka chini mpaka ukingoni, karai linapita mkono kwa mkono.

Kazi hiyo haiendi bila wimbo. Karai limejaa tope, aliye chini akilisukuma kabla wa juu hajawa tayari, mtu anateguka bega. Wimbo ndio uliokuwa unawaweka pamoja. Na mimi, mwanangu, nilikuwa mtunzi. Nilianza mdogo, nilijaliwa tu, sijui hata nilijaliwa kwa sababu gani. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja aitwaye Naetwe, mjane, jirani yetu wa upande wa juu, mwembamba, na alikuwa na sauti nzito kuliko ya wanaume. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo pale ndivani tangu sijazaliwa.

Mama Naetwe alinifundisha jambo moja kuhusu wimbo wa kazi. Alisema usiujaze. Acha mahali watu waingie. Basi nikatunga wimbo ambao ulipendwa kuliko yote, na ulikuwa mfupi ajabu. Mwanzishaji anauliza, "Nani mwenye mzigo leo?" Kisha pale mahali pa wazi mmoja wa walio kwenye mstari anataja jina, na wote wanaitikia, "Mpokee, mpokee." Basi. Karai linapokelewa.

Lakini jina halikutajwa ovyo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na siku hizi naona unapotea. Ulimtaja mwenye shida. Kama ng'ombe wa jirani yako amekufa, unamtaja yeye. Kama mke wa fulani amelazwa, unamtaja fulani. Mwenyewe hujitaji, unatajwa na wenzako waliokuona. Na kazi ikiisha, yule aliyetajwa na wengi, jioni watu wanapita kwake. Huyu na mkungu wa ndizi, yule na kibaba cha maharage, mwingine hana kitu anakuja kukaa tu. Hakuna aliyeitisha mkutano, wimbo ulikuwa umeshasema.

Sasa kijana akipendwa kijijini, watu huwa hawamnyamazii. Wakawa wananiambia, Elisante, wewe ungekuwa mjini ungevuma. Maneno hayo yaliniingia. Nikashuka Same, nikajiunga na bendi moja ndogo iliyokuwa inapiga kwenye baa karibu na reli. Mama yangu alilia, alitaka nifundishe kwaya. Sikumsikiliza. Nilikuwa nalala na wenzangu chumba kimoja, tunakula mara moja kwa siku, na nilikuwa na furaha sana, nisikudanganye. Kupiga muziki na vijana wenzako ni raha. Raha hiyo haikuwa na tatizo lolote.

Tatizo lilikuja tulipopata nafasi ya kurekodi kaseti kwa bwana mmoja wa Moshi aliyekuwa na mitambo. Akasema tulete wimbo wenye asili ya kwetu. Nikautoa ule wa ndiva. Akausikiliza, akasema ni mzuri lakini una shimo katikati, hapo pa jina pawekwe kitu. Nikafikiri. Nikaona, kaseti itapigwa kila mahali, kwenye mabasi, kwenye mahoteli, itafika hata Dar es Salaam, na watu watataka kujua ni nani huyu. Basi nikalijaza lile shimo kwa jina langu. "Nani mwenye mzigo leo? Elisante wa Bombo!" Na wenzangu wanaitikia, "Mpokee, mpokee." Kila ubeti, mwanzo hadi mwisho, Elisante wa Bombo. Na kwenye "mpokee" nikaongeza madoido, sauti inapanda inazunguka inashuka, ili nionekane fundi.

Kaseti ikatoka na ikapendwa kiasi chake. Madereva wa mabasi waliipiga. Nikipita sokoni Same watoto wanaimba Elisante wa Bombo, wasichana wanageuka. Sifa zilinilevya, Nanzia. Nikawa nikikaa mahali naangalia nani ameniangalia. Nikisikia redio mtaani nasimama, kama si sauti yangu naendelea na safari nikiwa nimenuna. Ukiona dalili hizo kwako, ujue ni mwanzo wa homa.

Kiangazi kile nikapata habari kwamba ndiva inazolewa tope. Nikaona hapo ndipo pa kwenda kuonwa na watu wa kwetu. Nikaazima redio kaseti, kubwa, ya kubeba begani, nikapanda nayo mlima. Nilipofika watu walikuwa wameshaingia kwenye tope. Wakanisalimia vizuri sana, wakafurahi kweli. Nikawaambia leo msijichoshe na kuimba, nimewaletea wimbo wenu uliopikwa mjini, ninyi fanyeni kazi tu. Nikapanda ukingoni na raizoni zangu, nikaweka redio juu ya jiwe, nikabonyeza.

Mwanzoni walishangaa, wakatabasamu, wakashika karai wakajaribu. Lakini kaseti haina macho, mwanangu. Mzee mmoja aliteleza akawa anajiinua, wimbo haukumsubiri. Tope la chini lilikuwa zito, la juu jepesi, wimbo ulikuwa unakwenda vilevile. Mama Naetwe kama ni yeye angepunguza, angechelewesha neno, angemtania yule mzee mpaka asimame. Mimi wa kwenye kaseti nilikuwa najisifu tu. Na kumbe betri nilizonunua zilikuwa zimekaa dukani tangu enzi na enzi. Zikaanza kuisha. Sauti yangu ikaanza kushuka, ikawa nzito, ikaburura, "Eliiisaaanteee waaa Booombooo", mithili ya mtu anayezama. Na wale watu, watundu wale, wakaamua kuifuata. Karai likawa linapita polepole, wananyoosha mikono polepole, wanageuza shingo polepole, nyuso zimekazwa hazicheki. Mpaka sauti ilipokoroma ikakata, nao wakaganda hivyo hivyo, karai liko hewani. Kisha mmoja akapasuka kicheko na wote wakafuata. Hapo ndipo walipokaa chini.

Nilisimama pale juu sijui niangalie wapi. Mama Naetwe akajifuta uso, akasema haya watoto, jua linapanda, akaanzisha wimbo uleule kwa mdomo. "Nani mwenye mzigo leo?" Wakataja majina ya watu wenye shida zao, kazi ikaenda. Jina langu halikusikika tena, na wimbo ni wangu. Niliumia, acha. Nikabeba redio yangu nikaenda nyumbani nikajilaza mchana kweupe.

Jua lilipokuwa linazama nikasikia hodi. Kutoka, naona watu. Mama Naetwe mbele ameshika bakuli la makande limefunikwa kwa jani la mgomba, nyuma yake jirani na mkungu wa ndizi, mwingine na maziwa kwenye kibuyu, mzee yule aliyeteleza naye amekuja na fimbo yake. Mama yangu akashtuka akadhani kuna msiba. Wakakaribishwa, wakakaa, salamu zikaenda kwa kirefu kama ilivyo ada. Nikasubiri waseme kilichowaleta. Mwishowe nikauliza mwenyewe.

Mama Naetwe akanitazama bila utani hata kidogo. "Leo umetajwa sana, Elisante," akasema. "Kila ubeti ni wewe. Tumekuja kukupokea mzigo."

Nikacheka, nikamwambia mama, ule ni muziki tu, mimi sina mzigo wowote, mambo yangu yanakwenda vizuri. Hakucheka. Akaniwekea bakuli mapajani. "Unao," akasema. "Sisi tunangoja kutajwa na wenzetu. Mtu aliyefika mahali pa kujitaja mwenyewe, tena kwa kurudiarudia, huyo ana mzigo mkubwa na hana wa kumpokea. Kula kwanza."

Nilikula yale makande kwa hasira. Walikaa mpaka nikamaliza, wakazungumza habari za mvua na za bei ya kahawa, wakaaga. Hawakunisema tena. Ningependa kukuambia kwamba nilielewa siku ileile, lakini nilikuwa kijana na kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka hapa. Niliona wananionea wivu. Kesho yake nikashuka Same sijamuaga hata Mama Naetwe.

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu zaidi. Tukarekodi kaseti ya pili. Mwanangu, sijawahi kutunga vibaya kama nilivyotunga ile. Kila mstari nilikuwa najiuliza madereva wataupenda, wasichana watageuka, yule bwana wa Moshi atasema nini. Niliwasikiliza watu wote ambao hawakuwepo chumbani, na mimi niliyekuwepo sikujisikiliza. Kaseti ikatoka, ikakaa madukani ikipigwa na vumbi. Watoto wa sokoni walikuwa wameshapata wimbo wa mtu mwingine. Nikawa nikipita najikohoza ili wanione. Bendi nayo ikaleta mwimbaji mpya kutoka Tanga, mimi nikaambiwa nipumzike kidogo, na nadhani unajua kupumzika kwa namna hiyo kunamaanisha nini.

Nikasema basi. Nikasema siimbi tena, kwa maneno yale yale uliyomwambia bibi yako jikoni, nikashangaa aliponisimulia jana. Sikutaka kurudi Bombo kuchekwa. Nikashuka Kihurio kutafuta kibarua kwenye mpunga. Pale wapo watu wa kila kabila, wengi ni watoto wa waliokuja kukata mkonge, hakuna anayekujua wala anayekuuliza ulikuwa nani. Nikalima, nikabeba magunia, nikanyamaza. Nilinyamaza hata kanisani. Watu walidhani sina sauti. Kuna wakati nilihisi kifua kinanibana kabisa, kama mtu aliyelala na nguo nzito, lakini nikajiambia ndio utu uzima huo.

Halafu siku moja tukawa tunapandikiza mpunga. Maji yako magotini, wanawake wamejipanga wanapanda miche, sisi wanaume tunawasogezea mafungu ya miche kutoka kitaluni. Mwanamke mmoja kijana akaanzisha wimbo. "Nani mwenye mzigo leo?"

Nilisimama na fungu langu mkononi. Ulikuwa wangu. Mdundo wake ulikuwa umebadilika, umelainika kwa ajili ya kuinama na kupanda, na walikuwa wameongeza mstari mmoja ambao sikuwahi kuutunga, mzuri, nikauonea wivu. Lakini ulikuwa wangu. Damu ilinichemka. Nikasahau kiapo changu, nikadakia kwenye kiitikio na yale madoido yangu ya kwenye kaseti, sauti ikapanda ikazunguka ikashuka, nikingoja wageuke waseme kumbe ni wewe.

Aligeuka yule mwanzishaji. Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye tope. "Kaka," akasema, "huu wimbo huujui. Unauongezea mikia. Huu hauna mikia."

Wenzake wakacheka. Mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema, dada, mwenye wimbo huu umesimama naye hapa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ila kabla sijasema akarudi kwenye kazi yake, akainama, akauliza tena nani mwenye mzigo leo, na safari hii akajibu mwenyewe kwa sauti ndogo. "Venanti wa mkonge." Wote wakaitikia wamekuwa wapole ghafla, "Mpokee, mpokee."

Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu nami, Venanti ni nani. Akaniambia ni kaka yake yule binti. Alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga, na ni muda mrefu sasa hakuna habari zake, hawajui kama mzima au la. Mama yao ameacha kula vizuri. Basi kila wanapopanda, dada yake anamtaja, na wao wanaitikia. Nikamuuliza wimbo waliupata wapi. Akasema waliuleta wanawake wa milimani waliokuja msimu wa mavuno, ni wimbo wa zamani wa watu, hauna mwenyewe.

Ile pumzi niliyokuwa nimeivuta niliishusha. Niseme nini, Nanzia? Niseme mtoeni Venanti, mniweke mimi? Yule binti alikuwa amesimama ndani ya ule wimbo na huzuni yake yote, mahali pale pale palipoachwa wazi, na palimtosha. Kaseti yangu haikuwahi kufika Kihurio. Wimbo ulifika. Ulifika kwa miguu, bila mimi, ukamkuta mtu anayeuhitaji. Nikaitikia na wenzangu. "Mpokee, mpokee," bila mikia. Na nikalia, nikiwa nimeinama juu ya miche, jasho likanisaidia kuficha. Tangu niliposhuka Kihurio ilikuwa siku ya kwanza kuimba, na kile kifua kikafunguka.

Na wewe hujui, kwa sababu tumezoea kuwaficha ninyi watoto upuuzi wetu, kwamba yule binti aliyeniambia nina mikia ndiye Asteria, bibi yako, huyo anayejifanya anaosha vyombo pale huku ametega sikio. Mpaka leo ananiambia nakosea. Nilimweleza ukweli tulipokuwa tumeshaoana na mimi nimerudi huku kufundisha kwaya. Nilingoja wakati mzuri, nikamwambia mke wangu, ule wimbo niliutunga mimi. Unajua alisemaje? Alisema, "Basi uliutunga vibaya, sisi tukaurekebisha." Akaendelea kuchambua mchele.

Venanti hakurudi. Mama yao alikufa akiwa anamsubiri. Bibi yako bado anamtaja.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilikatazwa nisikuambie, lakini na mimi nina utu uzima wangu. Huo wimbo wako wa mwisho unaouonea aibu, ule wa polepole, wa mtu anayeacha taa inawaka kwa ajili ya mwenzake. Unasema waliousikia ni wachache. Nakubali. Na katika hao wachache usifikiri wote ni watu tofauti, maana wengi ni bibi yako. Kila asubuhi ananiamuru niwashe simu nimfungulie, wakati mwingine kabla sijavaa miwani. Ananikalisha hapo mpaka uishe, anasema rudisha. Juzi bando liliisha, nikadhani nimepona. Nikamsikia jikoni anauimba mwenyewe, na ameshaubadilisha. Pale unaposema taa inawaka kwa ajili yako, ameweka Venanti. Ameikubali na sauti yako ilivyo, hakutoa kosa hata moja, na mimi katika ndoa yetu yote sijawahi kusifiwa hivyo.

Huo ndio uliotaka kuufuta, mwanangu.

Sikukatazi simu. Mimi si mzee wa kulaani vitu nisivyovielewa, na kama watu elfu wakikupenda nitafurahi na kuwatambia wazee wenzangu kanisani. Ukivuma, vuma. Ila usikufukuzie huko kuvuma. Ukianza kutunga kwa kuangalia nani atageuka, utajikuta unajitaja kila ubeti, na hutaona, kwa sababu sifa zina tabia hiyo, anayelewa hasikii harufu yake. Tunga kitu kilicho kweli kwako. Ukiimba, acha mahali pa wazi ambapo mtu mwingine anaweza kuingia na shida yake. Ukishakitoa, kiache kiende, geuza hiyo simu uso chini, uende ukapike, ukasalimie watu, uanze kingine. Usikae mlangoni kuhesabu nani amepita. Hutajua wimbo umefika wapi, na si kazi yako kujua. Mimi nilijua kwa bahati tu, na kwa kuwa nilikuwa na njaa nikashukia Kihurio. Watunzi wengi wazuri wamekufa hawakujua, na nyimbo zao watu wanazilimia mpaka leo.

Na siku ukijisikia umeelemewa, ukaona hakuna anayekuona, usiende kujitangaza huko kwa watu usiowajua. Njoo hapa. Au piga simu useme tu babu, leo mimi ndiye mwenye mzigo. Tutakutaja sisi. Makande hayakosekani.

Nimemaliza. Usinijibu kitu, wala usiniahidi kitu, unaweza kuamua ukiwa kwenye basi. Sogea nikushike kichwa, mimi mikono bado ina nguvu kidogo. Mungu wa wazazi wetu wa milimani na wa wale wa mkonge akulinde mwanangu Nanzia. Akupe chakula, akupe usingizi, akupe watu wa kukupokea. Akuondolee kiu ya kutazamwa. Na akupe nyimbo ambazo watu watazichukua na kuzikosea watakavyo, wazivushe milima na mabonde, wasahau jina lako kabisa, na siku moja upite karibu nao ukiwa umechoka, uzisikie, uitikie. Amina.